Ukurutu wa ng'ombe: maswali mnayouliza kila siku

Maswali ni yale yale, kwenye simu, dukani, mnadani, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Kama ng'ombe wako anajisugua usiku kucha kwenye nguzo za banda na umeshampulizia dawa ya kupe mara kibao na hamna kitu, soma kwanza kabla hujaenda kununua chupa nyingine.

Hivi ukurutu unatokana na nini, ni uchafu?

Siyo uchafu, japo banda chafu na kubanana kunausaidia sana. Ni wadudu wadogo mno tunaowaita utitiri, ndugu kabisa wa kupe, wana miguu minane wakikomaa (wakitoka tu kwenye yai wanakuwa na sita), ila ukubwa wao ni kama nusu milimita au chini ya hapo, kwa hiyo kwa macho huwaoni au unaona kidoa cheupe tu. Kupe anakuja ananyonya damu anashiba anadondoka, utitiri wenyewe unahamia. Unazaliwa kwenye ngozi ya ng'ombe, unazaliana hapo hapo na kufa hapo hapo, na ndo maana mbinu za kupe peke yake mara nyingi zinakwama.

Mbona wengine wanaota magamba shingoni na wengine mkiani, ni ugonjwa mmoja?

Jina moja, wadudu tofauti, na hapa naomba usome taratibu maana dawa inategemea ni yupi.

Wa kwanza ni sarkoptesi, huyu ndo mkorofi. Jike linachimba handaki ndani ya ngozi na kutaga humo, mayai matatu manne kwa siku, yanaanguliwa ndani ya siku 3 hadi 5 na mzunguko mzima kutoka yai mpaka mdudu mkubwa ni kama wiki mbili hadi tatu. Anapenda sehemu zenye nywele chache, usoni, shingoni, mabegani, katikati ya mapaja, shina la mkia, halafu asipotibiwa anatembea mwili mzima. Ngozi inakuwa nene, inakunjamana kama imevutwa, nywele zinatoka, magamba ya kijivu yanajaa, na kuwashwa ni kule kwa kukosa raha, ng'ombe hajali jani wala maji, anajisugua tu mpaka damu.

Wa pili soroptesi, huyu hachimbi, anakaa juu ya ngozi anakula majimaji yanayotoka kwenye kidonda anachokisababisha mwenyewe. Anaanzia mabegani na mgongoni na kwenye shina la mkia, magamba yake yana unyevu, na anazaliana haraka kweli, siku 10 hadi 12 tu kashakamilisha mzunguko. Ulaya anawasumbua mno ng'ombe wa nyama, hasa wale wa Ubelgiji wenye misuli mikubwa, wakifungiwa ndani kipindi cha baridi.

Korioptesi ni mpole kidogo. Miguuni chini, nyuma ya kiwele, kuzunguka shina la mkia, magamba madogo madogo, ng'ombe anapiga piga miguu wakati wa kukamuliwa na mkamuaji anafikiri ana kisirani. Kwenye ng'ombe wa maziwa wanaofugwa ndani anaweza kukaa miaka bila mtu kujua.

Halafu kuna demodeksi, anaishi ndani ya vishimo vya nywele, hawashi sana. Unaona vinundu vidogo vidogo kama punje za dengu shingoni na mabegani, ukikibinya kinatoa kitu cheupe kizito kama dawa ya meno. Ndama anaupata kwa mama yake siku za mwanzo anaponyonya, na ng'ombe wengi wanao bila shida yoyote mpaka kinga ya mwili ishuke.

Nitajuaje siyo mapele ngozi? Jirani kaniambia ni mapele ngozi.

Mapele ngozi ni virusi, ulionekana mara ya kwanza Zambia mwaka 1929 na sasa uko karibu Afrika nzima, unaenezwa na wadudu wanaouma. Ng'ombe anapata homa kali kwanza, anaacha kula, halafu ghafla mwili unajaa vinundu vigumu vya mviringo, vingine vya sentimita 2 mpaka 5, tezi zinavimba, wengine miguu inavimba pia. Ukurutu hauleti homa na hauji ghafla, unaanza sehemu moja unapanuka wiki kwa wiki. Na huo wa virusi unatakiwa kuripotiwa kwa afisa mifugo, siyo wa kumalizana nao kimya kimya nyuma ya nyumba.

Choa nacho watu wanachanganya. Choa ni fangasi, mabaka ya duara ya kijivu kama sarafu, hasa kwa ndama kuzunguka macho na usoni, hauwashi kihivyo na mara nyingi unaisha wenyewe baada ya miezi kadhaa. Ukimchoma ivamektini (ile sindano ya kuua utitiri) ng'ombe mwenye choa umetupa hela, dawa hiyo haiui fangasi kabisa. Chawa wenyewe wanaonekana, gawa nywele shingoni au mgongoni kwenye jua utawaona wanatembea na mayai yamegandia kwenye nywele. Halafu kuna ule wa bakteria unaokuja masika, magamba yanashika nywele mafungu mafungu kama brashi ya rangi iliyokauka, huo pia siyo wa utitiri.

Kipimo chake kinafanyikaje, ni damu?

Siyo damu. Ni kukwangua ngozi, rahisi kuliko watu wanavyofikiri na bado watu hawafanyi, wanakisia tu. Mtaalamu anachukua wembe wa upasuaji, anaupaka mafuta ya parafini kidogo ili magamba yagande, halafu anakwangua pembeni mwa kidonda pale ngozi mbovu inapokutana na nzima. Katikati ya kidonda wadudu walishahama zamani, ukikwangua pale utapata magamba matupu na jibu la uongo. Kwa sarkoptesi anakwangua mpaka vitone vidogo vya damu vianze kujitokeza, kwa sababu mdudu yuko ndani kwenye handaki, kwa wale wa juu hahitaji kwenda ndani hivyo. Anaweka kwenye kioo, chini ya darubini, dakika chache majibu. Kwa demodeksi anabinya kile kinundu na kupima ule uji mweupe.

Sampuli ikitoka hasi siyo lazima kuwa hana, sarkoptesi anajificha vizuri na wakati mwingine ng'ombe mzima anajikuna kwa sababu ya wadudu wachache tu, kwa hiyo wanakwangua sehemu kadhaa, nne tano hivi. Kwa Tanzania maabara za TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) zipo Temeke na kwenye kanda kama Arusha, Mwanza, Dodoma, Iringa na Tabora, ongea na afisa mifugo wa kata yako akuelekeze namna ya kufikisha sampuli.

Cha kujaribu nyumbani wakati unasubiri: kwangua magamba ya pembeni, yaweke juu ya karatasi nyeusi, yaache juani yapate joto dakika chache na uangalie kwa karibu. Kama ni soroptesi unaweza kuona vidoa vyeupe vinatembea. Usipoona kitu haina maana hakuna, ila ukiona umeshajua una kazi.

Nampulizia dawa ya kupe kila wiki, mbona haponi?

Hili ndo namba moja. Sababu ziko nyingi na kwa kawaida zinakuwa pamoja.

Kwanza, dawa gani? Dawa nyingi za kupe madukani ni za jamii ya sipamethrini na wenzake, zinapiga kupe na nzi vizuri lakini kwa utitiri uliojichimbia chini ya ngozi zinahangaika. Amitrazi ndo ina rekodi nzuri zaidi kwenye ukurutu. Kama kopo lako ni la asilimia 12.5, kipimo cha kawaida ni mililita 2 kwa lita moja ya maji, yaani mililita 40 kwenye bomba la lita 20, ila soma kibandiko cha chupa uliyoshika wewe maana zinatofautiana. Na uchanganye siku hiyo hiyo, usitunze iliyobaki mpaka wiki ijayo, inapoteza nguvu.

Pili, maji. Mtu anachukua lita 3 anapulizia ng'ombe wanne, wanalowa mgongo tu. Ng'ombe mkubwa anahitaji kama lita 5 mpaka 10 ili alowe kweli, chini ya tumbo, ndani ya masikio, katikati ya mapaja, chini ya mkia, na huko ndiko wadudu waliko. Josho la kuogelea lina faida hapo kwa sababu ng'ombe anazama mwili mzima, mradi dawa yake iwe imepimwa na siyo maji ya matope ya tangu mwaka jana.

Tatu, magamba. Dawa haipenyi gamba nene kama gome la mti. Osha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua taratibu kwa brashi mpaka magamba yalainike na kutoka, acha akauke, halafu pulizia. Hapa watu wengi wanaruka, na siwalaumu sana maana kumsugua fahali mwenye vidonda siyo mchezo, mfunge vizuri kwanza.

Ivamektini nichome kiasi gani?

Ile ya asilimia 1, mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito, chini ya ngozi, siyo kwenye mshipa na siyo kwenye nyama. Vuta ngozi iliyolegea mbele au nyuma ya bega, ingiza sindano kwenye mkunjo. Kama dozi inazidi mililita 10 gawa sehemu mbili.

Shida ni uzito. Wafugaji wengi wanaangalia kwa macho na kusema huyu kilo 200, kumbe ni 300, dozi inakuwa pungufu na wadudu wanaobaki ni wale wagumu. Kama huna tepu ya kupimia ng'ombe tumia futi ya fundi cherehani: zungusha kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, halafu pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa kalio, vyote kwa sentimita. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,838. Mfano kifua 150 na urefu 120, unapata karibu kilo 249, basi dozi ni mililita 5. Siyo mzani wa dukani lakini ni bora mara mia kuliko kukisia.

Sindano hii inapiga vizuri sarkoptesi na soroptesi. Kwa korioptesi haifanyi vizuri hivyo kwa sababu mdudu yuko juu anakula magamba tu, pale dawa ya kumwagia mgongoni ndo inafaa zaidi.

Alipona kidogo halafu ukarudi, dawa ni feki?

Inawezekana dawa feki zipo, lakini kabla hujamlaumu mwenye duka jiulize, ulirudia? Dawa hizi zinaua wadudu, haziui mayai. Leo umechoma, wakubwa wamekufa, wiki ijayo mayai yanaanguliwa na familia mpya inaanza. Kwa hiyo dozi ya pili baada ya siku 14 hivi ni sehemu ya matibabu, siyo ya hiari. Kwa dawa za kupulizia rudia kila baada ya siku 7 mpaka 10, mara mbili tatu. Andika tarehe kwenye ukuta wa banda kwa chaki maana wiki mbili zikipita na ng'ombe ameacha kujikuna, hakuna anayekumbuka, na ndo hapo hela yote inapotea.

Usugu wa dawa pia upo, Ubelgiji kwa mfano wameshakutana na soroptesi wasiosikia ivamektini na ndugu zake. Huku kwetu ng'ombe asipopona angalia kwanza dozi pungufu, kutorudia na kutotibu kundi zima, kabla hujaanza kuhofia usugu.

Ng'ombe wangu anakamuliwa, nimchome tu?

Hapana, na hapa siwezi kulainisha maneno. Ivamektini ya sindano inatoka kwenye maziwa kwa muda mrefu na vibandiko vingi vinakataza kabisa kwa ng'ombe ambao maziwa yao yananywewa na watu. Mtu anachoma asubuhi, jioni anapeleka maziwa kwenye mgahawa, watoto wa watu wanakunywa dawa. Muulize daktari wa mifugo kuhusu eprinomektini ya kumwagia mgongoni, mililita 1 kwa kilo 10 kutoka mabegani mpaka shina la mkia, katika nchi nyingi imesajiliwa bila siku za kusubiri kwa maziwa. Bei yake iko juu, ndiyo. Njia nyingine ni amitrazi ya kupulizia kwa kufuata muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa yako na kuosha kiwele vizuri kabla ya kukamua.

Ana mimba, atatupa?

Kwa dozi sahihi ivamektini haijulikani kuleta shida kwa mimba. Tatizo ni akikaribia kuzaa, kwa sababu maziwa yatakuwa na mabaki. Angalia kibandiko kinasema siku ngapi kabla ya kuzaa.

Babu alikuwa anapaka oili chafu na wanapona, nyie wataalamu mnatuletea gharama.

Oili inawaziba wadudu wa juu pumzi, ndo maana babu aliona nafuu. Lakini oili iliyotoka kwenye injini ina mabaki ya metali, ng'ombe anajilamba, anameza, na ngozi iliyopakwa mwili mzima juani inaungua. Dizeli ndo mbaya zaidi, inababua. Ugoro uliochemshwa nao watu wanatumia, nikotini yake inapita kwenye ngozi yenye vidonda na ndama mdogo anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Utupa nauheshimu kidogo, majani yake yana kemikali kweli inayoua wadudu, wafugaji wa nyanda za juu wanautumia kwa kupe na wengine wanasema unasaidia. Ila nguvu yake inatofautiana mti kwa mti, na ukimwaga maji yake mtoni samaki wote wanaelea, kazi yake ya zamani ni kuvulia. Mwarobaini unatuliza muwasho, kwa ukurutu uliokomaa usiutegemee peke yake.

Ni mmoja tu anaumwa, nitibu wote kumi?

Wote. Siku moja. Wale tisa wanaoonekana wazima wana wadudu wachache ambao bado hawajaleta dalili, kwa mara ya kwanza inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ng'ombe hajaanza kujikuna. Ukitibu mmoja unamrudisha kwenye kundi lenye moto. Najua hela, ndugu yangu, lakini hesabu mwenyewe kutibu mmoja mara sita mwaka mzima na maziwa yanashuka.

Nifanye nini na banda?

Nje ya ng'ombe utitiri unaishi siku chache, ukipata ubaridi na unyevu unaweza kufika wiki mbili tatu. Toa matandiko choma, pulizia nguzo na kuta hasa pale wanapojisugulia (utapaona, mbao zimeng'aa na zina nywele), kamba na brashi zilowekwe kwenye dawa. Ukiweza kuliacha banda tupu wiki tatu safi kabisa, kwa mwenye banda moja hili halitekelezeki, basi pulizia banda siku ile ile unayotibu ng'ombe, mara zote mbili.

Ng'ombe mpya wa mnadani afungwe pembeni wiki 3 mpaka 4 kabla ya kuchanganywa. Ukurutu mwingi kwenye mabanda ya ng'ombe wa maziwa uliingia kwa mtamba mmoja mzuri wa bei ya kutupwa.

Nakamua na mikono inaniwasha, nimeambukizwa?

Sarkoptesi wa ng'ombe anaweza kumpanda mtu, unapata vipele vyekundu mikononi, tumboni, mapajani, pale unapomgusa ng'ombe, na usiku vinawasha kweli. Habahatiki kuzaliana kwenye ngozi ya binadamu kwa hiyo vinaisha vyenyewe ndani ya wiki chache ukishatibu ng'ombe. Vikiendelea, au mtu mwingine nyumbani asiyegusa ng'ombe akianza kuwashwa, nenda hospitali, huo unaweza kuwa upele wa binadamu. Na tafadhali msijichome ivamektini ya ng'ombe.

Mbuzi, kondoo na punda je?

Mbuzi na kondoo wana ukurutu wao, kuhamishana kunatokea lakini siyo sana, wakilala banda moja watibu pamoja kwa dozi zao. Punda na farasi usiwapulizie amitrazi kabisa, inasimamisha utumbo wao na wanaweza kufa.

Nimemchoma wiki iliyopita na bado anajikuna.

Subiri. Wadudu waliokufa bado wako ndani ya ngozi na mwili unaendelea kuwakataa, muwasho unaweza kuchukua wiki moja mbili kupungua na nywele zinarudi taratibu kwa wiki nyingi. Mlishe vizuri, madini awekewe, ng'ombe aliyekonda haponi ngozi. Vidonda vikitoa usaha au harufu mwite daktari, hapo bakteria wameingia na anahitaji dawa nyingine.

Na vile vinundu vya demodeksi, vinaleta hasara gani kama haviwashi?

Kwenye nyama na maziwa karibu hakuna. Hasara iko kwenye ngozi. Kila kinundu kinaacha kitundu au kidoa ambacho kinaonekana ngozi ikishachunwa, na ngozi ya namna hiyo inashushwa daraja. Dawa zake hazina uhakika, wengi wanapona wenyewe umri ukienda.

Naweza kumuuza wa kuchinjwa mwezi huu nilipomchoma?

Angalia siku za kusubiri kwa nyama kwenye chupa, kwa ivamektini ya sindano ni wiki nne na kuendelea, nyingine zinafika siku 49 kutegemea na kampuni. Kwa mnunuzi wa kufuga mwambie tarehe uliyochoma na tarehe ya dozi ya pili, kama bado hujaichoma mpe na chupa iliyobaki aimalizie mwenyewe.